Maswali na Majibu: Tuchague vipi asasi ya vijana ya kufadhili?

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni kikundi cha watu tuliofanya kazi pamoja kwa muda mrefu, na tumekubaliana kuchangia mfuko mdogo wa kufadhili asasi moja isiyo ya kiserikali inayowasaidia vijana walio katika mazingira hatarishi, kwa miaka mitatu mfululizo. Baada ya mchujo tumebaki na maandiko matatu. Asasi ya kwanza inafundisha ufundi vijana walioacha shule, na inasema asilimia 90 ya wahitimu wake wamepata kazi. Ya pili inamuunganisha kila kijana na mtu mzima wa kujitolea anayekuwa mlezi wake. Ya tatu, ambayo ndiyo ya gharama ndogo kuliko zote, inawapeleka vijana watukutu gerezani kwa siku moja ili waone maisha ya wafungwa na kuzungumza nao. Baadhi ya wenzangu wanataka tuchague asasi yenye gharama ndogo zaidi za uendeshaji, na wengine wanataka tufuate shuhuda za vijana wenyewe. Je, tutumie vigezo gani?

JIBU: Ndugu muulizaji, nitaanza na asasi ya tatu kwa kuwa jibu lake ni fupi: msiifadhili kwa kazi hiyo. Mbinu ya kumtisha kijana kwa kumwonyesha gereza ilipata umaarufu mkubwa nchini Marekani katika miaka ya 1970, kupitia mpango wa wafungwa wa vifungo vya maisha katika gereza la Rahway, jimbo la New Jersey, na ikaigwa kwingine kwingi kwa sababu ilikuwa rahisi, ilionekana kuwa na mantiki, na ilimridhisha kila aliyeitazama. Watafiti walipokusanya pamoja majaribio tisa yaliyofanywa nchini humo, yaliyohusu karibu vijana 1,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya waliopelekwa gerezani na wasiopelekwa, walikuta kwamba waliopelekwa ndio waliotenda makosa zaidi baadaye. Kwa hiyo hata kama huduma hiyo ingetolewa bure, bado ingekuwa ghali, maana kijana angekuwa katika hali nzuri zaidi kama asingeguswa kabisa.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu wafadhili wengi huanza kazi ya kuchagua wakiamini kwamba asasi ya vijana ikikosea sana, basi itakuwa imepoteza fedha tu. Sivyo. Kuna huduma zinazodhuru, na zinazodhuru si lazima ziwe za watu wabaya wala za kitapeli. Mfano mkubwa kuliko yote katika fani hii ni utafiti ulioanza mwaka 1939 katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, ambapo zaidi ya wavulana 500 waligawanywa katika jozi za wanaofanana, na mmoja katika kila jozi akachaguliwa kwa kurusha sarafu ili apate msaada: mshauri aliyemtembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu, na kwa baadhi yao kambi za likizo. Msaada huo ulidumu kwa wastani wa miaka mitano. Mtafiti Joan McCord aliwatafuta wavulana hao miaka thelathini baadaye, wakiwa watu wazima, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 yaliwashtua wengi: waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wenzao katika mambo kadhaa, yakiwemo kurudia makosa ya jinai, ulevi na kufa mapema. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba walioathirika zaidi walikuwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja, na watafiti walishuku kwamba huko vijana waliambukizana tabia mbaya.

Sehemu ya utafiti huo inayowahusu ninyi moja kwa moja ni hii. Walipoulizwa, takriban theluthi mbili ya watu wale waliosaidiwa walisema mpango ule uliwafaa. Walisema kweli kwa kadiri walivyojua, kwani hakuna anayeweza kuyaona maisha ambayo angeishi kama asingesaidiwa. Hapo ndipo shuhuda zinapofika mwisho wa uwezo wake. Zisomeni kwa ajili ya kuielewa huduma, kuijua lugha ya vijana na kuona namna wafanyakazi wanavyowatendea, lakini msizihesabu kuwa kipimo cha matokeo. Isitoshe, asasi haiwezi kuwaletea ushuhuda wa kijana aliyeondoka mwezi wa pili na hajulikani alipo.

Na kijana huyo ndiye ningependa mwelekeze macho kwake. Kama ningeruhusiwa kuomba hati moja tu kutoka kwa asasi ya vijana, nisingeomba mpango mkakati wala taarifa ya mwaka yenye picha. Ningeomba daftari la mahudhurio la kundi moja zima, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, majina yakiwa yamefichwa na nafasi zake kuchukuliwa na namba. Mistari ya daftari hilo inaeleza mengi. Mtaona namba iliyohudhuria mfululizo, namba iliyoonekana mara tatu ikapotea, na namba iliyopotea wiki nne kisha ikarudi. Penye nafasi hizo tupu ulizeni: nani alimfuata? Asasi inayofanya kazi vizuri huwa na jibu lililoandikwa, kwamba mfanyakazi alikwenda nyumbani tarehe fulani, akamkuta bibi yake, akaambiwa kijana amehamia kwa mjomba, wakakubaliana jambo la kufanya. Asasi dhaifu itawaambia kwamba kijana huyo hakuwa na nia. Jibu hilo ni baya kuliko linavyosikika, kwa sababu ukosefu wa msimamo, kuhamahama na kutoaminika ndiyo dalili za hali iliyomfanya aitwe kijana aliye katika mazingira hatarishi, na asasi inayomhitaji awe tayari ameshatulia ndipo imsaidie haijaanza kazi yake.

Daftari hilo pia litawawezesha kuipima ile asilimia 90 ya asasi ya kwanza. Tuchukue mfano wa namba za kubuni. Vijana 120 wameandikishwa, 70 wamefika katikati ya mafunzo, 40 wamehitimu, na 36 kati ya hao 40 walikuwa na kazi siku walipopigiwa simu. Thelathini na sita kwa arobaini ni asilimia 90, na asasi haijasema uongo. Lakini ukigawanya kwa 120 walioingia mlangoni, unapata asilimia 30. Kisha mtauliza ni kazi ya aina gani, imedumu miezi mingapi, na kama wangepigiwa simu tena baada ya mwaka mmoja ingekuwaje. Ombeni kila asilimia iandikwe pamoja na namba zake mbili, ya juu na ya chini, na mtaona baadhi ya taarifa zikipungua makali papo hapo.

Sambamba na wanaotoka, ulizeni kuhusu wanaoingia. Asasi huwapata vijana wake kwa njia gani, na humkataa nani? Ikiwa sharti la kujiunga ni barua ya mwalimu, nauli ya kila siku, mzazi wa kutia saini na mahojiano ya kupima nidhamu, basi vijana watakaopita hapo watakuwa wazuri hata bila msaada wowote, na fedha zenu zitakuwa zimewafuata waliokuwa wanafanikiwa tayari. Kinyume chake, asasi inayopokea vijana waliotoka mahabusu, wanaolala nje, au wenye watoto wachanga itakuwa na asilimia ndogo ya kufaulu na huenda bado ikawa ndiyo inayoleta mabadiliko makubwa zaidi. Kuzilinganisha asasi mbili kwa asilimia zao bila kujua mlango wa kila moja ukoje ni kosa ambalo hata wafadhili wakubwa hulifanya.

Kuhusu asasi ya pili, ushahidi wa jumla ni mzuri kiasi, lakini una sharti ambalo lazima mlijue. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa mpango wa Big Brothers Big Sisters nchini Marekani, uliohusisha vijana 959 wa umri wa miaka 10 hadi 16, nusu yao wakipewa mlezi na nusu wakibaki kwenye orodha ya kungoja. Baada ya miezi 18, waliopewa walezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, na utoro wao shuleni ulipungua. Uchambuzi uliofuata wa takwimu hizohizo, uliochapishwa mwaka 2002, uliangalia muda ambao kila uhusiano ulidumu. Waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio waliopata faida nyingi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walionyesha kujithamini kwa kiwango cha chini zaidi. Si ajabu. Kijana ambaye ameshaachwa na watu wazima kadhaa anapewa mwingine, anaanza kumzoea, naye anatoweka.

Kwa hiyo msiiulize asasi hiyo ina walezi wangapi. Iulizeni ni wangapi kati ya walioanza miezi 18 iliyopita bado wanakutana na vijana wao, mlezi hupata mafunzo kwa muda gani kabla hajakabidhiwa kijana, na ni mfanyakazi yupi wa kuajiriwa anayempigia simu mlezi kila mwezi na kumsaidia mambo yanapokwama. Swali hili la mwisho ndilo linalogusa bajeti. Kazi ya kujitolea haiji bure. Nyuma yake lazima awepo mratibu anayelipwa mshahara, na mratibu mwenye vijana na walezi wengi mno hawezi kumfuatilia yeyote. Mkikuta andiko lenye walezi wengi na mratibu mmoja wa muda, hapo ndipo mahusiano yatakapovunjika, bila kujali moyo mwema wa wanaojitolea.

Asasi ya ufundi nayo ihukumiwe kwa matarajio ya kweli. Mchumi David McKenzie wa Benki ya Dunia alipitia mwaka 2017 tathmini za mafunzo ya ufundi katika nchi zinazoendelea na kukadiria kwamba kwa kila watu 100 wanaopewa nafasi ya mafunzo, chini ya watatu hupata kazi ambayo wasingeipata vinginevyo. Hiyo haimaanishi kwamba mafunzo hayana maana, ila kwamba sehemu kubwa ya waliopata kazi baada ya mafunzo wangepata kazi hata hivyo, na kwamba cheti peke yake hakiundi ajira mahali ambapo ajira hazipo. Programu za namna hii huwa na nguvu zaidi pale ambapo mwajiri anashiriki kuamua kinachofundishwa, sehemu ya mafunzo inafanyika kazini, na kijana hasahauliwi siku ya mahafali.

Kuna utafiti mmoja ninaowashauri wafadhili wa vijana waufahamu, kwa sababu unaonyesha jinsi vipengele viwili vinavyoweza kutegemeana. Mtafiti Christopher Blattman na wenzake walifanya kazi Monrovia, Liberia, na wanaume 999 waliokuwa wakijihusisha na wizi, dawa za kulevya na ukatili. Baadhi walipewa wiki nane za tiba ya kubadili fikra na mwenendo, iliyoendeshwa kwa vikundi na watu ambao baadhi yao walikuwa wamepitia maisha hayohayo. Baadhi walipewa ruzuku ya dola 200 bila masharti. Baadhi walipewa vyote viwili. Na waliobaki hawakupewa chochote. Fedha peke yake haikubadili mwenendo kwa muda mrefu. Tiba peke yake ilileta mabadiliko ambayo yalififia sana baada ya mwaka mmoja. Waliopata tiba na kisha fedha ndio ambao mabadiliko yao yalidumu, na walipotafutwa miaka kumi baadaye, wizi na ukatili miongoni mwao ulikuwa umepungua kwa takriban nusu ukilinganisha na wasiopewa kitu. Iulizeni basi asasi ya ufundi kama inampa kijana unasihi na kitu cha kuanzia, kwa mfano vifaa vya kazi, au inampa cheti na kumuaga.

Sasa nije kwenye hoja ya wenzako kuhusu gharama za uendeshaji. Nawaelewa, maana ni kipimo chepesi na kinaonekana kuwa cha haki. Hata hivyo, mwaka 2013 mashirika matatu ya Marekani ambayo kazi yao ni kutoa taarifa kuhusu asasi za hisani, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yalitoa barua ya wazi kwa wachangiaji yakiwasihi waache kutumia uwiano wa gharama hizo kama kipimo pekee cha ubora. Sababu ni rahisi kuiona katika kazi ya vijana: mshahara wa msimamizi anayewasikiliza wanasihi kila wiki, mfumo wa kutunza kumbukumbu, uchunguzi wa historia ya waombaji kazi na mhasibu mwenye sifa vyote huandikwa kwenye gharama za uendeshaji. Asasi inayojisifu kwamba haina gharama hizo imeviacha, au imevihamishia kwenye safu nyingine ya bajeti ili muipende.

Katika hesabu angalieni mambo mengine. Ombeni taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita, na msiishie kwenye hati safi ya mkaguzi. Someni pia barua ya mkaguzi kwa menejimenti, kwa kuwa humo ndimo huandikwa kwamba fedha hutolewa kwa saini moja au kwamba fedha za mfadhili mmoja zilikopwa kulipia mradi wa mwingine. Tazameni kama asasi ina akiba ya kuendesha shughuli kwa miezi michache mfadhili akichelewa, maana kwa kijana mwenye mnasihi wake, asasi kufunga ghafla ni pigo lilelile la kuachwa. Tazameni pia kama sehemu kubwa mno ya mapato hutoka kwa mfadhili mmoja, na kama bodi ina watu wanaoweza kumpinga mkurugenzi bila kuogopa. Mabadiliko ya wafanyakazi yanafaa kuulizwa hapahapa: ni wangapi kati ya wanaoshughulika na vijana moja kwa moja wamekaa zaidi ya miaka miwili?

Suala la usalama halina alama za kujumlishwa na nyingine. Ama lipo ama asasi inaondolewa. Asasi yoyote inayowaweka watu wazima karibu na watoto na vijana lazima iwe na sera ya ulinzi wa mtoto inayotumika, iwachunguze wafanyakazi na wanaojitolea kabla hawajaanza, na iwe na njia ya malalamiko ambayo kijana mwenyewe anaifahamu. Muulizeni mkurugenzi ni lini mara ya mwisho walipokea taarifa ya ukiukwaji na walifanya nini, bila majina. Akisema kwamba jambo kama hilo halijawahi kuripotiwa katika miaka yote ya asasi yenye mamia ya vijana, mimi husita, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna anayejua pa kuripoti.

Mtembelee asasi mbili zilizobaki, ikiwezekana siku ya kawaida ya kazi badala ya siku ya sherehe. Msiombe kijana asimame asimulie maisha yake mbele yenu. Hilo linamdhalilisha na haliwafundishi kitu. Kaeni pembeni mtazame. Je, wafanyakazi wanawaita vijana kwa majina? Kijana akichelewa anapokewaje? Kisha zungumzeni na watu wa nje ya asasi wanaowafahamu vijana hao, kama vile maafisa ustawi wa jamii, walimu na wazazi, na muwaulize ni asasi ipi wangempelekea kijana wao wenyewe.

Kwa yale uliyoniandikia, naelekea kuiweka mbele asasi ya pili endapo mahusiano yake yanadumu zaidi ya mwaka mmoja na mratibu wake hajazidiwa na kazi. Ikishindwa hapo, naiweka mbele ile asasi ya ufundi, kwa sharti kwamba iko tayari kuwafuatilia wote walioandikishwa, wakiwemo waliodondoka. Msiitake ifanye utafiti wa kuwagawanya vijana kwa bahati nasibu, kwani mfuko mdogo hauwezi kuugharimia na asasi ndogo haiwezi kuubeba. Takeni viashiria vinne au vitano tu, vilivyokubaliwa na pande zote mbili kabla ya fedha kutolewa, na mtenge ndani ya ruzuku fungu la kulipia kazi ya kuvikusanya. Fedha iwe ya kuendesha asasi kwa ujumla kuliko kufungiwa kwenye kipengele kimoja, ilipwe kwa awamu zinazojulikana tarehe zake, na asasi iruhusiwe kuwaambia kwamba jambo fulani halikufanikiwa bila kuhofia kukatiwa awamu inayofuata. Msipoiruhusu, mtapata taarifa nzuri tu.

Jambo la kuandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo ni namna mtakavyomaliza. Miaka mitatu hupita upesi, na mratibu au mnasihi anayelipwa na fedha zenu atakuwa na vijana mkononi siku itakapokwisha. Iambieni asasi mwanzoni mwa mwaka wa tatu, kwa maandishi, kama mtaendelea au la, na ikiwa hamtaendelea, awamu ya mwisho ipangwe kutosha kuwafikisha vijana walioandikishwa mwishoni mwa kipindi chao, hata kama itabidi asasi isiandikishe kundi jipya mwaka huo.